Simu Isiyo na Kengele

Mjukuu wangu Mwende alikuja kunitembelea juzi, simu mkononi na uso umemkunjamana. Alikuwa amenunua bando la mwezi mzima, na alipotaka kuwasha hotspot ili kompyuta yake nayo ipate mtandao, kampuni ikamwandikia kwamba bando lile ni la simu peke yake. Akitaka kugawa, aongeze malipo.

"Babu, hii data si nimeshailipia?" akaniuliza. "Sasa wananitoza tena kwa kosa gani?"

Nilishtuka hadi chai ikanimwagikia kwenye suruali. Si kwa sababu ya pesa yenyewe. Nilishtuka kwa kuwa swali hilohilo niliulizwa mimi, mjini Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma ya rundo la leso, na siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa upande wa watozaji. Nilidhani swali lile lilikufa pamoja na simu za kuzungusha namba kwa kidole. Kumbe liko hai, limebadilisha nguo tu.

Basi nyinyi mnaogawiana mtandao kama njugu, nipeni sikio kidogo. Mimi ni Mutua. Nilitoka Ukambani nikiwa na miaka ishirini na minne, nikaajiriwa ufundi wa simu huku pwani, nikapanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, Malindi, na tangu hapo kwetu naenda kwa mazishi tu. Nimepanda nguzo kuanzia Mariakani hadi Malindi, na magoti yangu yanaijua idadi yake kuliko mimi. Mengi ya kazi ile nayakumbuka nikicheka. Hili moja bado linanishtua, hata leo nikiwa nimeketi barazani kwangu na mvi zangu.

Mjue kwanza mambo yalivyokuwa. Huwezi kuingia dukani ukanunua simu kama unavyonunua sukari. Unaandika maombi, unasubiri, na wengine walisubiri hadi wakahama mji. Siku yako ikifika tunakuja sisi na ngazi, tunavuta waya kutoka kwenye nguzo, tunapigilia kisanduku kidogo ukutani, tunakuwekea simu moja nyeusi, nzito, ya kutosha kumvunja mtu mguu. Simu hiyo si yako. Ni ya shirika, wewe umeikodi. Na ukitaka simu ya pili humohumo ndani, kwenye waya uleule na namba ileile, hiyo tuliiita ekstensheni, nayo ilikuwa na ada yake ya kila mwezi maisha yako yote. Ukijifungia mwenyewe, hata kama simu umeinunua kwa jasho lako na waya ni wako, umevunja sheria.

Mtauliza tulijuaje. Ndani ya kila simu palikuwa na kengele, na kando ya kengele kidude kinachomeza umeme kidogo kikiguswa. Ukiunganisha mita kwenye waya wa mteja, mshale unaruka, kisha unarudi chini polepole. Simu moja, mshale unaruka kiasi. Simu mbili, unaruka zaidi. Fundi aliyeketi kwenye meza ya kupimia pale ofisini aliweza kuhesabu kengele za nyumba iliyoko Watamu bila kuinuka kitini. Wateja walidhani tuna wapelelezi mitaani, na sisi hatukuwasahihisha.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye hoteli ndogo kule Watamu. Mshale wake uliruka kwa simu tatu, naye akaapa ana moja. Nikamwomba mwenzangu wa ofisini apige. Simu ya mezani ikalia, halafu kabati la vitambaa likalia, halafu jokofu likalia. Mpishi, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, akafungua jokofu, akaichomoa simu katikati ya kambakoche, akaitikia kwa adabu zote na kutaja jina la hoteli. Niliandika ripoti ile mkono ukitetemeka kwa kicheko.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Charo, Mgiriama wa upande wa Gede, mfupi, mkimya, mwenye vidole vinene ambavyo ungedhani haviwezi kushika sindano. Siku yangu ya kwanza naye tulikuwa Mariakani, juu ya nguzo karibu na kiwanda cha maziwa. Nilikuwa nimesahau koleo chini, na nikaona uvivu kushuka. Nikaubana waya kwa meno ili niumenye ngozi yake. Wakati huohuo mtu fulani, Mungu amsamehe, akampigia mwenye namba ile. Umeme wa kengele ukanipitia kwenye fizi na kutokea sijui wapi. Kama si mkanda ningeanguka. Chini nilimwona Mzee Charo ameketi kwenye nyasi, mabega yanatikisika kwa kucheka.

"Umeitikia simu ya watu," akaniambia niliposhuka. "Sasa utakumbuka koleo."

Nilikumbuka koleo miaka yote iliyofuata. Alinifundisha na mengine. Kusikiliza waya kabla ya kuushika. Kuuliza mwenye nyumba simu ilianza kuharibika lini, na mvua ilinyesha lini. Na zaidi ya yote, kuogopa chumvi. Hewa ya huku inakula shaba. Kiungo cha waya ukikiacha wazi, baada ya miezi kadhaa kinageuka kijani, na mteja anasikia mlio kama wa mtu anayekaanga muhogo. Mafundi wengine tulizungusha utepe mweusi tukaenda zetu. Mzee Charo alizungusha utepe, juu yake akaviringisha uzi mweupe wa kushonea, mzunguko mmoja kando ya mwenzake bila kupandana, kisha akaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Alibeba nta ile kwenye kikopo cha dawa ya viatu. Tulimtania kwamba anafunga majeraha ya waya. Lakini kiungo chake hakikuwahi kuoza, na popote kutoka Kilifi hadi Malindi ukikikuta ulijua nani amepita.

Basi ikawa Ijumaa moja asubuhi. Mteja wa mji wa kale wa Malindi alikuwa amelalamika kwamba laini yake inakwaruza. Nikapewa karatasi ya kazi. Wiki hiyohiyo meneja wetu, Bwana Odera, alikuwa ametukusanya na kutusomea waraka: fundi yeyote atakayeiona ekstensheni ya wizi na kuinyamazia, atafukuzwa pamoja na aliyeifunga. Pia alikuwa ametudokeza kwamba atachagua fundi mmoja wa kupandishwa cheo. Mambo hayo mawili nilikwenda nayo kichwani, na nawaambia wazi ili msije mkanidhania mema nisiyokuwa nayo.

Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ya zamani, kuta nene, dari ya boriti. Chini palikuwa na duka la leso. Mwenye duka aliitwa Maimuna, mwanamke wa makamo, mtulivu, maneno yake yamenyooka. Mumewe, Swaleh, alikuwa kazini Arabuni. Juu aliishi mama yake Swaleh, Bi Khadija, aliyevunjika nyonga miaka miwili nyuma na tangu hapo hakuwahi kushuka ngazi. Hayo aliniambia Maimuna mwenyewe huku nikifungua kisanduku. Simu ilikuwa dukani, na kamba yake fupi haikuweza hata kufika mlangoni.

Niliukuta waya umeota kijani pale ulipoingilia ukutani. Nikaukata, nikaumenya kwa koleo, nikaufunga upya. Kisha nikapiga ofisini ili wanijaribie kengele. Aliyekuwa kwenye meza ya kupimia siku hiyo alikuwa Mzee Charo. Akasema, weka chini, nakupigia. Nikaweka. Simu ikalia vizuri, kengele safi. Nilikuwa nimeshika ngazi yangu kwa mkono mwingine, na nilipogeuka ili niiitikie, kichwa cha ngazi kikagonga boriti. Kikagonga tena nilipojaribu kuizuia, na mara ya tatu nilipoishusha. Maimuna alikuwa akimkunjulia mteja leso. Nikamwona amesita, leso imening'inia mikononi.

Nikainua mkono wa simu. "Mzee, nakusikia vizuri," nikasema.

Sauti ikazama ghafla, jinsi inavyozama simu ya pili inapoinuliwa kwenye waya mmoja. Halafu nikasikia pumzi. Halafu sauti ya mwanamke mzee, karibu kabisa na sikio langu.

"Swaleh? Ni wewe, mwanangu?"

Nilimtazama Maimuna, naye hakuwa ameshika simu yoyote. Kwenye waya tulikuwa watatu, mimi, yule bibi, na Mzee Charo kule ofisini. Mzee Charo akasema taratibu, "Mutua. Laini ni nzima. Kazi imekwisha, rudi ofisini."

Sikurudi. Niliweka simu, nikauliza ngazi ya kwenda juu iko wapi.

"Watafuta nini huko juu?" Maimuna akaniuliza. "Mama ni mgonjwa."

"Kuna simu ya pili, mama. Nimeisikia."

Hakukana. Alimaliza kumkunjia mteja leso, akamtoa hadi mlangoni, kisha akanigeukia. "Maombi ya hiyo simu ya pili niliyaandika mara mbili," akasema. "Mara zote niliambiwa simu hazipo, lakini ada yake nikatajiwa bila kuuliza. Nikuulize, bwana simu. Waya twaulipia. Simu twailipia. Maneno twayalipia, kila dakika. Mama akisikiliza maneno yale yale, ya mwanawe, kwa waya ule ule, hayo ya pili ni malipo ya kitu gani?"

Nilikuwa na jibu la kufundishwa. Nikamwambia kwamba simu nyingi kwenye waya mmoja huzifanya kengele zote ziwe dhaifu, na hilo ni kweli, mwenye jokofu wa Watamu angeweza kushuhudia. Nikapanda ngazi nikijiona nimejibu.

Bi Khadija alikuwa ameegemea mto, mwembamba, leso ya kahawia mabegani, na mkono wa simu bado uko sikioni mwake. Aliponiona aliushusha polepole.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilidhani Swaleh amewahi leo. Kwa kawaida hupiga baada ya swala ya Ijumaa, na Maimuna hunigongea kwa mpini wa ufagio mara tatu, ndipo ninapoinua."

Nikaigeuza simu juu chini, nikafungua kifuniko. Kengele ilikuwa imetolewa, na kile kidude kando yake kimekatwa. Ndiyo maana mita yetu haikuiona hata siku moja. Simu ile haikuweza kulia, na kwa kuwa haikulia haikumeza umeme wowote, haikuidhoofisha kengele ya mtu yeyote. Jibu nililompa Maimuna dakika mbili zilizopita lilikuwa halina kazi hapa. Nikaufuata waya hadi ukutani, palipokuwa na kiungo, na hapo nikaduwaa.

Uzi mweupe. Mzunguko mmoja kando ya mwenzake, bila kupandana. Nta.

Mzee Charo hakuwahi kuchukua hata msumari wa ofisi. Mtu aliyekuwa akituambia waya uliobaki urudishwe stoo, hata ukiwa wa urefu wa mkono, ndiye aliyemfungia mteja simu ya magendo, na alikuwa amebakiza miezi sita kustaafu. Nikifuata waraka, kiinua mgongo chake chote kinapotea, na mtu yule alikuwa hana shamba wala duka. Nikinyamaza, nafukuzwa mimi.

Nilichofanya ndicho kinachonishtua hadi leo, maana nilikifanya haraka, na kwa mkono usiotetemeka. Nilitoa koleo, nikaukata waya kando ya kiungo cha mwalimu wangu, nikaitia simu kwenye mkoba.

Bi Khadija alikuwa akinitazama. "Imeharibika?" akauliza.

Nilifunga mkoba.

"Basi ahsante kwa kuja kuitengeneza," akasema. "Utairudisha lini, mwanangu? Leo atapiga."

Nilishuka ngazi. Nilipokuwa bado nakusanya vifaa vyangu mlangoni, swala ikaisha, na haukupita muda simu ikalia. Maimuna akaitikia. Kisha nikamsikia akipaza sauti kuelekea juu, mkono umefunika simu, "Mama, asema yu mzima! Mama, auliza kama wala chakula!" Juu kulikuwa kimya. Bibi yule sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika chini.

Ofisini niliandika ripoti nikadhani nimepata njia ya katikati. Nikaandika kwamba nimekuta ekstensheni ya wizi na nimeiondoa. Mahali pa kuandika jina la fundi aliyeifunga, nikaandika: hajulikani. Nikaiweka simu kwenye rafu pamoja na kipande cha waya kilichobaki nayo, nikaenda zangu Kisumu Ndogo, nikalala usingizi wa mtu aliyemwokoa mwalimu wake. Kosa langu, vijana, ni kwamba waraka ule niliusikia hadi pale paliponihusu mimi. Sikuwahi kuusoma hadi mwisho.

Mzee Charo alikuwa ameusoma. Jumatatu asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Bwana Odera, kofia mkononi, ripoti yangu iko katikati yao. Mlango ulikuwa wazi. Niliitwa niingie.

"Huyu mzee ananiambia maneno nisiyoyaelewa," Bwana Odera akasema, naye alikuwa ameshtuka kweli, miwani ameivua. "Anasema simu hii aliifunga yeye."

"Ndiyo, bwana," Mzee Charo akasema. "Simu niliinunua kuukuu, nikaing'oa kengele nikiwa nyumbani kwangu. Waya niliununua dukani, wa taa."

"Kwa malipo gani?"

"Nilikunywa kahawa."

Bwana Odera akanigeukia mimi. "Na wewe umeandika hajulikani. Hukujua?"

Mzee Charo aliwahi kujibu kabla yangu. "Angejuaje? Ni kijana wa juzi. Anajua kupima kengele tu, na hii haina kengele." Kisha akaweka kidole chake kinene kwenye waraka uliokuwa mezani. "Nimekuja kwa sababu ya hapa chini, bwana. Pameandikwa kwamba fundi asipojulikana, mteja atahesabiwa kuwa ndiye aliyefunga. Laini yake yote itang'olewa, na hataomba nyingine. Wale wanawake wawili hawana njia nyingine ya kumsikia mtu wao. Nami najulikana. Andika jina langu."

Neno nililoliandika ili nimwokoe mwalimu lilikuwa limeielekeza adhabu kwenye kitanda cha yule bibi, na mimi sikuwa na habari.

Bwana Odera hakuwa mtu mbaya. Alijaribu. Alimwambia, "Charo, wewe unajua shirika linasema nini. Simu ni yetu kutoka nguzoni mpaka kwenye sikio la mteja. Tukiruhusu mmoja, kesho kila nyumba ina tatu."

"Sikio lake ni lake, bwana," Mzee Charo akasema. "Hilo la sikio tu ndilo sikulielewa, na nimeifanya kazi hii tangu ujana."

Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Laini ya Maimuna ilibaki, simu moja, dukani. Kiinua mgongo hakikupatikana. Na mwezi uliofuata nikapandishwa cheo mimi, nikapewa meza ya kupimia, kiti chake na mto wake wa kukalia. Wenzangu walinipongeza. Niliona aibu kiasi kwamba kwa siku kadhaa nilifanya kazi nimesimama.

Ilinichukua muda mrefu kwenda Gede kumwona. Alikuwa amefungua kibanda karibu na stendi, anatengeneza redio na tochi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya msamaha. Alinikaribisha stuli, akaendelea na redio yake, na nilipoanza kigugumizi akanikatiza.

"Ulipokata pale," akasema, "ncha uliifunga?"

"Ncha gani, mwalimu?"

"Ya waya. Iliyobaki ukutani. Uliifunga au uliiacha wazi?"

Nikakiri kwamba niliiacha wazi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, masikitiko ambayo sikuyaona siku alipofukuzwa kazi.

"Chumvi itaingia," akasema. "Itatambaa mpaka kwenye simu ya chini. Nilikufundisha nini miaka yote ile?"

Hakunilaumu kwa lingine, si siku hiyo wala nyingine. Nilirudi Malindi nimefadhaika kuliko kama angenitukana.

Miaka ilipita nami niko kwenye kile kiti. Laini ya Maimuna niliipima kila mwaka pamoja na nyingine, na kila mwaka mshale uliruka kwa kengele moja. Ilipoharibika nilimtuma fundi mwingine. Mara mbili tatu nilipolazimika kwenda mwenyewe, nilimalizia kazi dukani, nikasalimia nikiangalia sakafu, nikatoka. Ngazi ile ya kwenda juu sikuitazama hata kwa jicho la pembeni.

Kabla ya miaka ya themanini kwisha, waraka mwingine ukaja. Ulikuwa mfupi, aya mbili. Kuanzia sasa mteja anaruhusiwa kuongeza simu moja ndani ya nyumba yake bila ada ya kila mwezi. Niliusoma hadi mwisho, safari hii mara tatu. Hapakuwa na maelezo wala samahani. Kitu kilichokuwa kosa la kumfukuzisha mtu kazi kilikuwa kimegeuka kuwa ruhusa, kati ya Jumanne na Jumatano, na mitambo ilikuwa ile ile na waya ule ule. Bwana Odera alikuwa amehamishwa. Wenzangu waliubandika ukutani, wakaendelea na chai. Mimi niliketi nimeshika kichwa.

Nilinunua simu mpya kwa fedha yangu, nyepesi, rangi ya maziwa, yenye kengele ya sauti nzuri. Nikaenda nayo kwa Maimuna ikiwa katika boksi lake. Alikuwa amezeeka kidogo. Nikamweleza kuhusu waraka, nikamwambia nimekuja kumfungia Bi Khadija simu yake, bila malipo, na kwamba najua nimechelewa.

Akatabasamu kwa namna ambayo sikuielewa. Akaufuata ufagio uliokuwa pembeni, akagonga boriti kwa mpini. Mara tatu. Akanipa mkono wa simu ya dukani.

"Swaleh?" sauti ile ile ikasema sikioni mwangu, nyembamba zaidi. "Mbona leo si Ijumaa?"

"Tangu lini?" nikamwuliza Maimuna.

"Tangu wiki ile ile," akasema. "Alikuja Mzee Charo na kikopo chake. Alisema amekuja kufunga ncha tu, wewe ulikuwa umeiacha wazi. Halafu akatoa simu kwenye kapu. Mimi nilikataa. Nilimwambia, yule kijana atakuja tena, atatung'olea zote, nawe watakufunga. Akaniambia nisiogope. Mita yake haitaiona, alisema, na kijana mwenyewe hatapanda ngazi hii tena. Ataona haya."

Kumbe aliponiuliza kule Gede, ncha alikuwa ameshaifunga zamani. Nilipanda. Bi Khadija alikuwa palepale, amebaki macho na tabasamu. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa kutengeneza simu. Nikamwonyesha ile mpya. Akaigusa, akasikiliza kengele yake, akasema ni nzuri lakini nimpelekee mtu mwingine, maana hiyo itawaamsha watoto wa jirani, na yeye ufagio unamtosha.

Nilikagua kiungo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kisha nikatoka, nikashika njia ya Gede nikiwa na boksi langu kwapani.

Mzee Charo alikuwa kibandani, amefungua redio ya mtu mezani. Alilitazama boksi, akanitazama mimi, akarudi kwenye redio yake.

"Umepanda?" akauliza.

"Nimepanda, mwalimu."

"Ncha zikoje?"

"Safi," nikasema. "Hazijaingiwa na chumvi hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea stuli, na mimi nikaketi nikalia mbele ya watu wote wa stendi, mtu mzima na sare yangu ya kazi.